Uzio Uliota, Kabichi Zikafa

Nilikuwa na sahani sita na mdomo mmoja. Sahani zile sikuzinunua. Kila mwenzangu aliyehama kota aliniachia yake, kwa sababu imepata ufa au kwa sababu haikuenea kwenye mzigo, na mimi nikazipokea zote kama mtu anayepokea rambirambi. Nikaziosha, nikazipanga kabatini. Kila jioni nilitoa moja na kuziacha tano zikinitazama.

Kota yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Tukuyu, upande wa kuelekea Lufingo, nyuma ya ghala la mazao. Zamani ghala lile lilikuwa likijaa mpaka paka anakosa pa kugeukia. Kisha ikaja biashara huria. Wafanyabiashara wakaanza kwenda na malori yao hadi shambani kwa mkulima, wanapima na kulipa hapo hapo, na ghala letu likabaki na panya, tena panya wenyewe wakakonda. Wenzangu wakapunguzwa kazi. Mmoja alikwenda Mbeya mjini kuuza mitumba, wengine wakarudi kwao. Mimi nikaachwa nilinde jengo mpaka apatikane wa kulinunua. Nilikuwa sina mke wala mtoto wa kuhamisha. Halafu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni kule Singida, na nadhani mkuu wetu aliona ghala tupu halifai kulindwa na mtu asiyesoma.

Basi nikawa mfalme wa nyumba sita. Nilitembea barazani nikikagua himaya yangu, mlango mpaka mlango, nikisikia viatu vyangu tu. Zamani saa ya chakula baraza ile ilikuwa soko. Kila nyumba ilitoa chungu chake, tukala kwa kuonja onja, huyu anacheka mchuzi wa yule. Sasa nilikula nimesimama jikoni, upesi upesi, kama mwizi anayekula chakula chake mwenyewe. Redio ndiyo iliyonisaidia. Mtangazaji akisema "wasikilizaji wapenzi", nilikuwa namwitikia.

Na ukitaka upweke ukuume sawasawa, kaupate Rungwe. Wanyakyusa hawana mchezo na suala la kukaa pamoja. Wana neno lao, ukwangala, maana yake kukaa na wenzako mkala, mkaongea, mkafurahiana, na kwao hilo si starehe, ni kama kuoga. Mtu anayekula peke yake kila siku wanamtazama mara mbili. Mimi walinisalimia vizuri njiani. "Ugonile!" Nami nikajibu kwa Kinyakyusa chote nilichokuwa nacho, yaani "Ndaga!", na mazungumzo yakafa hapo hapo, yakiwa na afya njema kabisa.

Nikaona dawa ni bustani.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kwetu Singida, mwenye mboga mbichi wakati wa kiangazi hakosi wageni. Wanatokea hata ndugu ambao mama yako mzazi hawajui. Anakuja mtu kuomba chainizi, unamwambia karibu ukae, anakaa, mnakula. Kwa hiyo nilime mboga, jirani aje kuomba, nimkalishe kwenye sahani ya pili. Sikuhitaji zaidi ya jirani mmoja. Sikufikiria hata kidogo kwamba nipo mahali ambapo ukitema mbegu ya boga dirishani, mwezi ujao unachuma majani yake. Nani Rungwe nzima atatembea mpaka kwa mgeni kuomba mboga?

Mjini maduka yalikuwa yameanza kujaa. Miaka michache nyuma sabuni ilikuwa adimu hata tukawa tunanusa kanga mpya kutafuta harufu yake, na sasa sabuni zilikuwa za kila rangi. Na kulikuwa na mbegu za pakiti, zenye picha. Kabichi ya kwenye picha ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtoto angeweza kulala juu yake na mama yake akajibana pembeni. Nikanunua kabichi, nikanunua chainizi, nikanunua nyanya. Nikarudi nimeinua kichwa.

Sasa sikia kazi ya msomi. Katika mtihani wa jiografia niliwahi kuulizwa ni sehemu gani ya nchi yetu inayopata mvua karibu mwaka mzima. Nikaandika Rungwe, nikapata alama zangu. Mtu huyo huyo alichukua jembe, akasimama kwenye udongo mweusi wa Rungwe, na mikono yake ikafanya ilichofundishwa Singida: ikachimba mashimo. Mapana, ya kwenda chini, kama mabakuli ya majitu, ili tone la maji likiingia lisitoke. Kwetu ndivyo bustani inavyolimwa. Mmea unaukalisha chini, kwenye ubaridi, maji yanaufuata. Udongo niliouchimbua niliurundika pembeni kama takataka. Nikapanda miche yangu ndani ya mabakuli, na kabla sijalala nikaimwagilia ndoo nzima, nisije nikalaumiwa.

Mvua ya Tukuyu hainyeshi, inahamia. Inakuja na vyombo vyake vyote na inakaa. Asubuhi mabakuli yangu yalikuwa mabwawa. Miche ilikuwa inaelea na kujigonga kingoni. Wiki iliyofuata vyura walifika kutoka bondeni, wa kila aina na kila itikadi, na kwa kuwa nchi ilikuwa imeingia kwenye vyama vingi, nao wakaanza kampeni. Ndio waliokuwa wageni wa kwanza wa bustani yangu. Ningekuwa najua mapishi yao, ningewakaribisha mezani.

Kosa la pili nililifanya siku zile zile, na hilo ndilo lililonila mwaka.

Kwetu bustani bila uzio ni sadaka kwa mbuzi. Mbuzi wa Singida anaweza kula mchicha, akala kamba iliyofungia mchicha, akamalizia kwa daftari la shule. Kwa hiyo nikatafuta miiba. Rungwe hakuna miiba ya maana, lakini bondeni, karibu na mto, kulikuwa na mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, yenye mabua manene kama miwa. Nikakata mzigo baada ya mzigo. Nikayachomeka ardhini, bua kwa bua, yamebanana, nikayafunga kwa kamba za migomba. Kuzunguka bustani yote, tena kwa raha zangu nikapitisha hadi mbele ya baraza. Nikaacha kijimlango upande wa ghala. Sungura asingepita. Nilisimama ndani ya uzio wangu nikajisikia mtu mwenye mji.

Sikujiuliza kwa nini hakuna jirani mwingine mwenye uzio. Sikuona kwamba ng'ombe wa huku wamefungwa zizini na wanapelekewa majani, na mbuzi, pale alipo, ana kamba shingoni.

Miche ya kwanza ikafa yote. Nikapanda mara ya pili, ikafa kwa adabu zaidi. Ila uzio! Bua la mabingobingo ukilichomeka kwenye udongo ule, hujajenga, umepanda. Yakatoa vichipukizi kwenye pingili, kijani cha kutukana. Yakarefuka. Yakapanuka. Nilichokipanda kwa mapenzi kilioza, nilichokichomeka kama mti mkavu kikanenepa. Muda si mrefu nikawa sioni njia kutoka barazani, na muda si mrefu tena nikawa sioni mlima Rungwe, ambao si kitu kidogo kukosa kukiona.

Jinsi nilivyojua kosa la mabakuli ni bahati tu. Miche iliyobaki mara ya pili niliitupa kwa hasira juu ya lile rundo la udongo pembeni, nikaingia ndani nikafunga mlango. Sikwenda bustanini siku nyingi, nilikuwa nimeinunia. Nilipotoka, nikakuta mche mmoja wa kabichi umesimama juu ya rundo. Haukupandwa, haukumwagiliwa, ulikuwa umelalia ubavu kisha ukajiinua wenyewe, majani manne mapana, na maji ya mvua yanapita chini yake yakienda kwa vyura. Nikachuchumaa mbele yake. Nikauambia, "Kumbe." Ndilo neno pekee nililosema siku ile nzima, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Nikafukia mabwawa, nikainua matuta. Marefu, ya kwenda juu, yenye mifereji katikati. Mikono yangu ilikuwa inabisha kila pigo la jembe. Ilikuwa kama kuvaa shati kinyume kwa makusudi. Nikapanda mara ya tatu, na safari hii zikashika. Zikashika, lakini zikakua kama watu wanaochungulia: shingo ndefu, majani membamba, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Hakuna jua. Uzio umelimaliza.

Ilikuwa kipupwe, wakati ukungu unakaa mpaka karibu na adhuhuri na majani ya ng'ombe yanapungua, nilipoisikia sauti kutoka ng'ambo ya uzio.

"Hodi, mwenye msitu!"

Nilishtuka nikaangusha jembe. Nikazunguka kwenye kijimlango mbio. Alikuwa bibi mmoja mfupi, kajifunga kitenge juu ya sweta la kiume, mundu mkononi. Nilimjua kwa mbali, nyumba yake ilikuwa bondeni, katikati ya migomba. Mumewe alikuwa amefariki, watoto wako Dar es Salaam.

"Shikamoo, bibi."

"Malahaba. Kumbe yumo mtu!" Akanitazama juu mpaka chini. "Sisi tulijua umeondoka na wenzako. Tukasema, wale watu wa ghala wamekwenda, hata nyumba imeotwa na majani."

Nilicheka, maana ndiyo tabia yangu. Lakini neno lile liliniingia. Miezi yote nilikuwa nakaa ndani ya uzio ule nikimsubiri mgeni, na watu wanapita njiani wanaona kichaka.

"Naomba majani ya ng'ombe wangu," akasema. "Ana mimba, anakula kama wewe ulivyokula ulipokuwa na watu."

"Kata, bibi. Kata mpaka uchoke."

Akakata kidogo tu, mzigo wa kutosha kichwa chake. Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa. Alikuja ukungu ukianza kufumuka, akaanzia kwenye kona ya njia na kusogea polepole, na mimi nikawa na kazi nyingi sana za bustani saa ile ile na upande ule ule. Magugu mengine niliyang'oa mara mbili.

"Wewe Mgogo," aliniita.

"Bibi, mimi si Mgogo, natoka Singida."

"Si ndiko huko huko kwenye vumbi? Mtu wa vumbi wewe, umekuja kututilia uzio. Ulimwogopa nani?"

"Mbuzi."

Akasimamisha mundu. "Mbuzi yupi? Mtaje, mimi nawajua wote."

Siku nyingine aliniuliza kwa nini sijaoa. Nikamwambia wanawake wote wa Singida walinitaka kwa pamoja, wakagombana, serikali ikaingilia kati, ikaonekana heri nihamishwe. Alicheka mpaka akaushika uzio asianguke. "Mwongo huyu! Mwongo kama redio!" Nilirudi ndani nikiwa mrefu kuliko ghala.

Ila kukaa hakukaa. Nilimkaribisha kila siku.

"Bibi, karibu ule."

"Nani kapika?"

"Mimi mwenyewe."

"Ee, basi nakionea huruma hicho chakula." Akajitwika mzigo wake. "Ng'ombe ananingoja. Yeye hajui habari zako, anajua njaa."

Akaenda. Nikatoa sahani moja.

Kwa shukrani ya majani alianza kuniletea samadi kwenye ndoo. "Hii ya kabichi zako, zimekonda kama wanafunzi." Na pale alipokwisha kukata, mwanga ukaanza kuingia. Tuta la pembeni likabadilika rangi, kabichi zikaacha kuchungulia zikaanza kujikunja, kila moja ikijifunika kichwa. Ningefurahi. Lakini nilikuwa nautazama ule uwazi unavyokua, leo hatua moja, kesho nyingine, na nilikuwa nafanya hesabu ambayo shule ya jioni ilinifundisha vizuri mno. Majani ya kipupwe yanarudi kwa shida. Uzio ukiisha, bibi huyu atafuata nini kwangu?

Samadi ile sikuitia kwenye kabichi. Niliitia kwenye mabingobingo.

Nilikuwa naibeba asubuhi mapema, naifukia kwenye mashina yaliyokatwa, namwagilia juu yake, mtu mzima na cheti chake, anarutubisha adui wa bustani yake. Na yakaitika, yasiitike yana nini? Yakachipua upya. Kivuli kikarudi kwenye matuta ya nyuma. Kabichi za huko zikaanza kulala, moja moja. Nikaziona zinakufa, nikaendelea kubeba ndoo.

Bibi aligundua siku aliyoinama kukata chini zaidi. Mundu ukaibuka na samadi ya ng'ombe wake.

Akapekua shina la pili kwa ncha ya mundu, na la tatu.

"Mwanangu."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilikuwa mtu wa vumbi, Mgogo, mwongo.

"Mwanangu, hii nilikupa ya kabichi."

"Bibi, uzio nao unahitaji nguvu. Mbuzi..."

"Acha mbuzi."

Nilitafuta uongo mwingine. Ninao mwingi kwa kawaida, nauacha hata barabarani. Siku ile sikupata hata mmoja. Nikatazama kabichi zilizolala, naye akazitazama, kisha akanitazama mimi kwa muda kuliko nilivyopenda.

"Kata," akasema. "Yote. Ng'oa na mashina."

"Na wewe majani utapata wapi?"

Alifunga mzigo wake, nikamsaidia kujitwika, akashuka kwake na migomba ikamfunika.

Nikakata. Ilinichukua siku kadhaa na ngozi ya viganja vyote viwili. Nyumba ikatokea. Mlima ukatokea, mkubwa kuliko nilivyouacha. Njia ikatokea, na watu waliopita wakageuza shingo kama wanaomwona mfu barazani. "Ugonile!" Nikaitikia. Kabichi zilizosalia zikapata jua, zikashiba, zikawa nzito hadi ukizipiga kwa kidole zinaitika. Si za kulalia mtoto, lakini kuku angetosha.

Bibi hakuja. Sikushangaa, ndivyo hesabu yangu ilivyosema. Asubuhi ukungu ulifumuka, mimi nikasimama kwenye kona ile nikishika jembe, na hakuna hodi. Nilijaribu kumsimulia mtangazaji wa redio habari ya wanawake wa Singida. Haikuchekesha.

Mashina niliyoyang'oa hayakuweza kubaki pale, yangeota tena hata juu ya jiwe. Nikayabeba kwenda kuyatupa bondeni kulekule nilikoyatoa. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita njia ya bibi mchana na macho yangu yakiwa wazi. Zizi la ng'ombe wake lilikuwa juu ya mteremko. Na chini ya zizi, kutoka ukutani kabisa mpaka mtoni, yamesimama mabingobingo. Kipupwe chote, penye unyevu wa mto, kijani, marefu kuliko mtu. Angeweza kukata akiwa amekaa. Hayakuwa yameguswa.

Nikasimama na mzigo kichwani. Toka pale mpaka kwangu ni mlima wa kumchosha kijana, na bibi alikuwa akiupanda kila asubuhi na kurudi na majani kichwani.

Niliyatupa mashina nikarudi. Sikupiga hodi kwake, sikujua ningesema nini. Nilikata kabichi iliyokua juu ya lile rundo, ule mche uliojiinua wenyewe, nikaikatakata na nyanya na kitunguu, nikabandika jiko barazani badala ya jikoni. Nikatoa sahani mbili. Nilijiona mjinga kidogo kwa ile ya pili. Moshi ulikwenda moja kwa moja bondeni, hakuna kitu cha kuuzuia.

"Wewe mtu wa vumbi!" Sauti ilitoka mbali, kwenye migomba. Simwoni mwenyewe. "Unaunguza nini?"

"Kabichi!" nikapiga kelele.

"Umetia chumvi?"

"Njoo uonje!"

Niliisikia kabichi ikichemka, na ng'ombe akilia mara moja kule chini.

"Ngoja kwanza nimpe ng'ombe majani," sauti ikasema.

Nikaipua chungu. Nikachukua ile sahani ya pili nikaifuta kwa shati, ingawa ilikuwa kavu, nikaiweka chini, nikaichukua nikaifuta tena.